Hali ya Hatari: Pale Katiba Inapovuja

ZAINABU: Karibuni tena. Leo tuko na mgawanyo wa madaraka, ila tunauingilia upande wa hali ya hatari. Kaka Mussa, kwa nini huko?

MUSSA: Kwa sababu siku za amani karibu kila katiba inapendeza. Mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu alieleza mwaka 1748 kwamba anayetunga sheria asiwe ndiye anayeitekeleza na kuhukumu. Madison, mmoja wa walioandika katiba ya Marekani, akaongeza mwaka 1788 kuwa kutenganisha kwenye karatasi hakutoshi, kila mhimili uwe na nyenzo ya kuuzuia mwingine. Ikitangazwa hali ya hatari, nyenzo hizo ndizo za kwanza kuwekwa kando.

ZAINABU: Na Ujerumani ya katiba ya 1919 ndiyo somo lenyewe.

MUSSA: Ibara ya 48. Usalama ukivurugika vibaya, rais aliruhusiwa kutumia jeshi na kusimamisha ibara 7 za haki za msingi.

ZAINABU: Tuwatendee haki walioiandika, breki waliiweka. Rais alipaswa kulijulisha Bunge mara moja, na Bunge likidai hatua zifutwe, zinafutwa.

MUSSA: Sasa isome pamoja na ibara ya 25, iliyompa rais huyohuyo uwezo wa kulivunja Bunge. Julai 1930 Bunge lilikataa mpango wa fedha wa Kansela Brüning, mkuu wa serikali. Ukarudi kama amri ya rais. Bunge likapiga kura amri ifutwe. Rais Hindenburg akalivunja Bunge, na siku chache baadaye amri ikatolewa upya, wabunge wa kuipinga hawapo.

ZAINABU: Ibara ya 25 ilisema avunje mara moja tu kwa sababu ileile.

MUSSA: Sababu anaiandika yeye, dada. Halafu ibara ya 48 yenyewe iliahidi sheria ya kufafanua undani wake, na sheria hiyo haikutungwa kamwe.

ZAINABU: Uchaguzi wa Septemba 1930 ukawapandisha Wanazi, chama cha Hitler, kutoka viti 12 hadi 107. Februari 28, 1933, ibara hiyohiyo ikasimamisha haki za msingi nchi nzima. Machi 23 Bunge likaikabidhi serikali ya Hitler mamlaka ya kutunga sheria, kura 444 kwa 94. Inaniuma nikisikia watu wanaita hilo uamuzi wa kidemokrasia. Wabunge wote wa chama cha kikomunisti walikuwa wamezuiwa, wengine wako gerezani.

MUSSA: Ukifuatilia hatua kwa hatua, kosa la mwanzo ni la muda. Amri iliendelea kuishi mpaka atokee wa kuifuta. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 imeligeuza hilo: tangazo linakufa lenyewe baada ya siku 21 Bunge lisipoliongeza. Nyongeza haizidi miezi 3 kwa mara moja. Ya kwanza inataka wingi wa wabunge wote, zinazofuata asilimia 60.

ZAINABU: Kenya 2010 wakakaza zaidi. Siku 14, nyongeza isizidi miezi 2, theluthi mbili mara ya kwanza, kisha robo tatu.

MUSSA: Kizingiti kinapanda kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo upinzani hata ukiwa mdogo unazidi kupata nguvu ya kukataa. Na angalia nani anahangaika kutafuta kura. Kule Ujerumani walihangaika waliotaka kufuta. Huku anahangaika anayetaka kuendelea, na Bunge likinyamaza tu, hali ya hatari imekwisha.

ZAINABU: Mahakama nazo?

MUSSA: Katiba zote mbili zinaziruhusu kuamua kama tangazo ni halali. Kenya kazi hiyo ni ya Mahakama ya Juu.

ZAINABU: Bado kuna tundu la kuvunja Bunge.

MUSSA: Hilo Wajerumani wenyewe waliliziba mwaka 1968. Nchi ikiwa katika hali ya kujihami kivita, katiba yao inakataza Bunge kuvunjwa mpaka hali hiyo iishe.