Kibanda cha Simu Kule Lancaster

Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana saa yake ameiweka mezani. Sawa. Habari za Jakob Ammann, mwanzilishi wa Waamishi, na mfarakano wa kanisa wa 1693 uliowazaa, nilizimaliza mwaka jana. Aliyezikosa amwulize jirani yake. Leo narudia lilelile ambalo hata wanangu wananiigiza nikilisema: Waamishi, wale Wakristo wa Marekani wanaosafiri kwa mikokoteni ya farasi, hawaikatai mashine.

Tulitoka Philadelphia kwa gari, mimi na shemeji yangu, tukaishika barabara ya 340 kuingia Lancaster, Pennsylvania. Shemeji njia nzima anacheka, eti tunakwenda kuona watu wa kale. Shambani tukaona nyumbu wanne (wa kufugwa jamani, si wale wa Serengeti) wanavuta mashine ya kufunga marobota ya nyasi. Na juu ya mashine, injini inanguruma! Shemeji kimya.

Tukasimama penye kibao cha mayai. Mzee mmoja, ndevu nyingi bila masharubu, akatuonyesha tangi la maziwa linalopozwa kwa injini ya dizeli. Pembeni ya ua palikuwa na kibanda cha mbao, kimesimama peke yake. Shemeji akanong'ona kwamba amebanwa, akakiendea haraka. Kufungua mlango, anakuta simu ya mezani, daftari, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mzee alicheka mpaka akashika uzio. Nyumba tatu zinaitumia simu ile, kila anayepiga anaandika, bili ikija wanagawana. Na kwa nini isiwe sebuleni? Akasema ikiwa sebuleni itaita wakati wa chakula, na jirani utampigia badala ya kumwendea. Basi. Simu wanayo, lakini lazima uvae viatu uifuate.

Ndugu yangu wa nyuma, shusha mkono, swali lako nalijua: mbona wanapanda magari ya watu? Wanapanda, tena wanakodi na dereva. Wanachokataa ni kulimiliki. Mwenye gari atasali mji wa tatu. Mwenye farasi atasali na hao hao waliomzunguka. Usharika mmoja ni familia thelathini hivi, ibada kila baada ya wiki mbili, nyumbani kwa mtu, kwa zamu. Hesabu yao inaanzia kwenye mwendo wa farasi, sisi yetu inaanzia dukani.

Sisemi ni malaika. Watoto wao shule inaishia darasa la 8, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakubalia mwaka 1972. Mimi mwalimu, hilo halijanishuka kooni hadi leo.

Nilitaka kusema juu ya bei ya ardhi, na vijana wengi wanaohama jembe kwenda karakana, lakini naona mwenyekiti ameishika saa.

Mayai tulichukua trei mbili. Shemeji akatoa simu mfukoni ili alipe. Mzee akamwonyesha kibanda.