Dishi Likiyumba Kweli

Haya jamani, asanteni, mlioko nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Niseme mapema mimi si injinia, msije mkaniuliza hesabu za ajabu, mimi ni mtu wa madishi tu, nimepanda mapaa ya watu tangu enzi za futi sita mpaka haya ya sentimita 90 mnayobeba nyie kwenye bodaboda.

Nianze na neno. Mtaani mtu akichanganyikiwa tunasema dishi limeyumba, si ndiyo? Sasa aliyeanzisha ule msemo naamini alishawahi kushika spana juu ya bati, maana hebu fikirieni, setilaiti iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na dishi la sentimita 90 upande mmoja ukishuka sentimita moja na nusu tu, kunguru katua au mtu kafungia kamba ya kuanikia nguo, umeshahama digrii moja, na digrii moja ukiifikisha kule juu ni zaidi ya kilomita 600, yaani basi la Dar mpaka Arusha. Tunamcheka aliyeyumba kumbe kayumba kidogo hivyo.

Kitu kingine, angalieni madishi yanavyotazama. London dishi limesimama ukutani kama limenuna, linatafuta setilaiti huko chini karibu na mapaa ya majirani. Sisi tuko chini ya ikweta kidogo tu, setilaiti ya digrii 36 mashariki, yaani iliyoning'inia juu ya ikweta kwenye longitudo ya 36, kwa mtu wa Dar iko karibu utosini, futi sita ukilitega huko linalala chali kabisa. Ndo maana tunaliita ungo, na ungo kweli, majani ya mwembe humo, vumbi humo, mvua ikinyesha linakuwa beseni, mimi nimeshatoboa matundu katikati maji yatoke. (Wazee wengine walikuwa wanauliza kama huu nao unaruka usiku, nawaambia mzee huu unakaa, vinavyoruka viko juu.) Na hii ikweta msiidharau, Waitaliano walikuja kuweka jukwaa baharini pale Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha setilaiti ya Wamarekani ya kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota, na kwa sababu Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru siku hiyo wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya anga za juu dunia nzima, na watoto wetu hawaambiwi.

Sasa mpira. Mtaani kwangu goli linaingia mara tatu, kwanza mwenye redio anapiga kelele, halafu kibanda umiza, halafu baada ya muda mtu ameshasahau unasikia kijana anayeangalia kwa simu anaruka peke yake chumbani. Watu wanasema dishi linachelewesha kwa sababu ya umbali, hapana bwana, kupanda na kushuka ni kama robo sekunde tu, kinachokula muda ni kule kuibana picha na kuifungua, na kwenye intaneti ndo balaa kwa sababu simu inajiwekea akiba kwanza ndo ikuonyeshe.

Mvua inavyokata picha mnaijua, sirudii, ila mjue tu futi sita likivumilia masika mwenzake dogo akazimika si uchawi, mawimbi ya hilo futi sita ni marefu, tone la mvua haliyasumbui sana.

Ila hiki nataka mkisikie vizuri kwa sababu kiliniaibisha. Mwezi wa tatu mmoja kanipigia mama mtu mzima, mwanangu picha inakata kila siku mchana. Nikaenda, shikamoo mama, marahaba baba, nikapanda. Kweli siginali sifuri. Nikabadilisha LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea siginali, nikashuka nanywa maji, picha hiyoo, nikalipwa, nikaondoka najiona fundi. Kesho yake muda ule ule simu. Nikarudi, nikabadilisha waya. Ikarudi. Nikalipwa tena, astaghfirullah. Siku ya tatu nikiwa juu ya bati nikashika LNB ikaniunguza vidole, kuangalia, jua lote limejikusanya pale kwenye kofia yake, dishi limekuwa kama kioo, na nikiangalia juu jua limesimama nyuma ya setilaiti kabisa. Jua nalo linarusha mawimbi, kelele zake zinaimeza ile siginali kwa dakika kadhaa, linafanya hivyo siku chache mwezi wa tatu na siku chache mwezi wa tisa, kwa hii ya 36 hapa Dar ni kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, halafu linasogea zake. Dawa hakuna. LNB ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Nikashuka nikamrudishia hela yake, nusu nikamuomba anisamehe maana nilishaila, nikamweleza lile jua. Akanitazama, akasema mwanangu si ungesema tangu juzi, muda huo adhuhuri inaadhiniwa, mimi nasali, mwenye kuhangaika na picha ulikuwa wewe.