Nyasi za Uani Juu ya Udongo Mweusi

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie namna ya kuotesha nyasi za uani penye udongo mzito wa mfinyanzi, nami nitajifunga kwenye ule mweusi wa Kitengela, Syokimau na tambarare za Athi River, karibu na Nairobi, ambao wenye ploti wengi huulaani. Rutuba unayo, unachokosa ni hewa, kwani chembe zake ni ndogo mno, hunywa maji zikavimba wakati wa masika, kisha kiangazi udongo husinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono, zikiikata mizizi iliyomo.

Wengi hukimbilia kumwaga udongo mwekundu juu yake. Tabaka hilo likiwa jembamba, maji hulipenya upesi, yakafika kwenye mfinyanzi na kutuama, na mizizi ikaoza kana kwamba imepandwa ndani ya sufuria. Mchanga kidogo nao hauleti nafuu, na jasi, yale madini meupe yanayosagwa na kuchanganywa na udongo, husaidia pale tu udongo ulipo na chumvi nyingi za magadi, kwa hiyo upimwe kwanza.

Kwa maoni yangu, fedha za lori la udongo mwekundu zingenunua samadi. Sawazisheni ardhi iiname kutoka kwenye nyumba, ikishuka sentimita 2 kwa kila mita, kisha tandazeni samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita 5 hivi, mkiichanganya na udongo hadi kina cha sentimita 15. Jambo gumu ni kuchagua siku. Chukua udongo kiganjani uuviringishe: ukitoa uzi unaopindika bila kukatika, weka jembe chini, maana kuulima ukiwa mbichi ni kuushindilia, ukimeguka kwa vidole, ita vibarua upesi, kwani kati ya tope na ukavu unaokataa jembe siku ni chache.

Nyasi za Kikuyu, ambazo ni za nyanda zetu za juu, hupendeza lakini zinataka maji mengi. Kwa joto la Kitengela ningepanda ukoka, kipande kwa kipande, umbali wa sentimita 15, mvua zinapoanza. Zikishika, msikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, wala msiegeshe gari juu yake penye unyevu.

Kiangazi, jazeni nyufa kwa mboji iliyochekechwa, na mnapomwagilia, simameni maji yanapoanza kutiririka, mngoje nusu saa yazame, ndipo mwendelee.