Ankara Ikikosa Kasma Sahihi: Utaratibu wa Maandishi katika Hesabu za Elimu Maalumu Marekani

Mabibi na mabwana, karibuni.

Mada ya leo ni fedha za elimu maalumu katika wilaya za shule za Marekani, na hoja yangu ni moja. Takwimu za matumizi haya huharibika siku ankara inapopewa kasma, yaani namba ya fungu la hesabu linaloilipia, miezi mingi kabla ya ripoti ya mwaka kuandikwa. Anayeipa kasma mara nyingi ni karani wa malipo, na mara nyingi hakuna karatasi yoyote inayomweleza gharama ya elimu maalumu inaishia wapi na gharama ya shule kwa jumla inaanzia wapi. Basi anauliza jirani, au anafuata alivyofanya mwenzake mwaka jana.

Kwa wasioishi huko: wilaya ya shule si wilaya ya utawala kama Temeke. Ni chombo chenye bodi yake, bajeti yake, na mara nyingi mamlaka ya kutoza kodi ya majengo. Fedha zake hutoka mifuko mitatu: wa wilaya yenyewe, wa jimbo na wa serikali ya shirikisho. Ukichanganya mifuko hii katika elimu maalumu, unagusa sheria.

Sheria yenyewe ilitiwa saini na Rais Gerald Ford mwaka 1975, ikapewa jina la IDEA, yaani Sheria ya Elimu ya Watu Wenye Ulemavu, mwaka 1990, na ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004. Inamhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa bila malipo. Bunge lilipoitunga liliweka kikomo cha mchango wa shirikisho: asilimia 40 ya wastani wa matumizi kwa mwanafunzi. Kiwango hicho hakijafikiwa hata mwaka mmoja, kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwa majimbo na wilaya. Ndiyo maana sheria inalinda jambo moja kwa ukali: ruzuku ya shirikisho iongezee fedha za nyumbani, isije ikachukua nafasi yake.

Ulinzi huo ndio sharti la kudumisha matumizi: fedha za nyumbani zinazotumika kwa elimu maalumu zisishuke chini ya mwaka wa kulinganishia. Hapa naomba tukae kidogo.

Sharti hili hupimwa mara mbili. Kwanza kwenye bajeti, ili wilaya istahili kupewa ruzuku. Kisha kwenye matumizi halisi, baada ya mwaka kwisha. Kila mara kuna vipimo vinne, na wilaya ikifaulu kimoja tu, imefaulu: jumla ya fedha za wilaya peke yake, jumla ya fedha za wilaya na za jimbo, fedha za wilaya kwa kila mwanafunzi mwenye ulemavu, na fedha za wilaya na jimbo kwa kila mwanafunzi huyo.

Tuseme wilaya fulani ilitumia dola 4,000,000 za wilaya na jimbo kwa wanafunzi 200. Hiyo ni dola 20,000 kwa kila mmoja. Mwaka uliofuata ikatumia dola 3,900,000 kwa wanafunzi 190. Kwa jumla imeshuka, imeanguka. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja imepanda hadi dola 20,526, imefaulu. Lakini angalieni: mwaka wa tatu, kipimo cha jumla hakilinganishwi na 3,900,000. Kinarudi kwenye 4,000,000, mwaka wa mwisho uliofaulu kwa kipimo hicho. Kila kipimo kina mwaka wake wa kulinganishia. Na kanuni zilizorekebishwa mwaka 2015 zinasema wazi kwamba wilaya ikianguka, kiwango cha mwaka unaofuata ni kile ambacho kingedaiwa kama isingeanguka. Kwa hiyo mtunza hesabu anahitaji jedwali la safu nne, lenye mwaka wa kulinganishia wa kila safu, na jedwali hilo lazima lihamie kwa mrithi wake akiondoka. Likibaki kwenye kompyuta ya mtu aliyestaafu, wilaya imepoteza kumbukumbu ya deni lake.

Wilaya ikianguka vipimo vyote vinne, jimbo hulazimika kuirudishia serikali ya shirikisho kiasi kilichopungua, au kiasi cha ruzuku ya wilaya kwa mwaka huo kama hicho ndicho kidogo. Malipo hayo hayatoki kwenye fedha za shirikisho, na majimbo yana njia zake za kuidai wilaya.

Sasa, kipimo hiki hakijui kama mmepunguza huduma au mmebadili tu namna ya kuhesabu. Muuguzi anayewahudumia watoto wenye ulemavu akihamishwa kutoka programu namba 200, ambayo katika mfumo wa hesabu unaotumiwa kama mwongozo nchini kote ni ya programu maalumu, akapelekwa namba 100 ya elimu ya kawaida, leja inaonyesha wilaya imekata mshahara mzima. Mtoto hajapoteza kitu, lakini kwenye karatasi wilaya imeanguka. Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha utaratibu wowote kiseme hivi: hakuna kasma inayobadilishwa katikati ya mwaka bila idhini ya maandishi ya mkuu wa fedha na mkuu wa elimu maalumu, wote wawili, na ikibadilishwa, hesabu za mwaka wa kulinganishia zipitiwe kwa kigezo kile kile, na ofisi ya elimu ya jimbo iarifiwe kabla ya ripoti.

Mtauliza: wilaya hazina taratibu za maandishi? Nyingi zinazo, kwa kuwa kanuni za ruzuku za shirikisho zinazidai. Lazima kuwe na maandishi kuhusu malipo, kuhusu gharama zipi zinakubalika, na kuhusu manunuzi. Tatizo ni kwamba zilizo nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye kanuni. "Wilaya itahakikisha gharama zote ni za lazima na za kiasi." Sawa, lakini karani aliyeshika ankara saa kumi jioni afanye nini? Kunakili kanuni ni kumwahidi mkaguzi kwamba mtafuata sheria. Utaratibu unataja cheo cha anayefanya kazi, wala si jina lake. Ripoti gani inachapwa kutoka mfumo upi. Kwa tarehe ipi. Kigezo gani kinatumika pale jambo linapokuwa na utata. Nani mwingine anahakiki. Na ushahidi unakaa faili gani. Mambo sita. Kama moja halipo, karani atalijaza kwa kukisia.

Kati ya hayo sita, kigezo cha uamuzi ndicho kinachokosekana mara nyingi zaidi. Nitachukua mfano unaowagusa wasemaji wa Kiswahili huko moja kwa moja: mkalimani. Familia nyingi za Wakongo zimepata makazi mapya Marekani, na shule zinahitaji wakalimani wa Kiswahili. Kikao cha kuandaa mpango wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu, unaojulikana kwa herufi IEP, ni kikao cha sheria ya IDEA, na wilaya inawajibika kumpa mzazi mkalimani ili aelewe yanayosemwa. Gharama hiyo ni ya elimu maalumu. Lakini usiku wa wazazi wa shule nzima, au simu kwa mzazi kuhusu utoro, wajibu wa kuweka mkalimani unatokana na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na unamhusu mzazi yeyote asiyejua Kiingereza vizuri. Hiyo ni gharama ya shule kwa jumla.

Mkalimani huyo huyo analeta ankara moja ya mwezi: saa 9 kwa dola 60, jumla dola 540. Saa 4 zilikuwa za vikao vya IEP, 3 za usiku wa wazazi, 2 za simu. Ukiipeleka yote kwenye ruzuku ya IDEA, mkaguzi atakataa dola 300. Ukiipeleka yote kwenye elimu ya kawaida, na ililipwa kwa fedha za wilaya, umejipunguzia dola 240 za matumizi halali ya elimu maalumu. Kiasi ni kidogo, lakini zidisha kwa wakalimani wote na miezi yote. Dawa yake ni safu moja kwenye karatasi ya saa: aina ya kikao, ijazwe na ofisa aliyekiitisha kikao, kwa kuwa mkalimani hana sababu ya kujua tofauti. Na utaratibu umpe karani mamlaka ya kurudisha ankara isiyo na safu hiyo. Bila mamlaka hayo, atalipa tu, maana mkalimani anasubiri pesa yake.

Walimu wasaidizi wanafuata mkondo huo huo. Msaidizi anayegawanya siku yake kati ya darasa la elimu maalumu na zamu ya chakula cha mchana hupangiwa asilimia mwanzoni mwa mwaka, tuseme 70 kwa 30. Asilimia za bajeti ni makisio. Kanuni za shirikisho zinataka mshahara unaolipwa na ruzuku uegemee kumbukumbu za kazi iliyofanyika, na makisio yarekebishwe yakitofautiana na ukweli. Kinachokwenda kombo ni kwamba marekebisho hufanywa upande wa ruzuku peke yake, kwa kuwa ndiko mkaguzi anakoangalia. Upande wa fedha za wilaya unabaki na asilimia za Agosti, mwaka wa shule ulipoanza, hadi mwisho wa mwaka, na upande huo ndio unaoingia kwenye kipimo cha kudumisha matumizi. Hati ya marekebisho iguse pande zote mbili.

Mabasi nitayapitia haraka. Basi lililowekwa kwa ajili ya watoto ambao IEP zao zinataka usafiri maalumu ni gharama ya elimu maalumu. Mtoto mwenye ulemavu anayepanda basi la kawaida pamoja na wenzake halifanyi basi lile kuwa la elimu maalumu. Safari zikichanganyika, chagueni kipimo kimoja cha kugawa, maili au saa za dereva, kiandikeni, na msikibadilishe kwa kuwa mwaka huu kingine kinaleta tarakimu nzuri.

Medicaid inahitaji uangalifu wa pekee. Wilaya hurudishiwa fedha na mpango huo wa bima ya afya kwa baadhi ya tiba zinazotolewa shuleni, kama tiba ya usemi. Fedha hizo zenye asili ya shirikisho zikitumika tena kwa huduma za elimu maalumu, hazihesabiwi kuwa fedha za jimbo wala za wilaya katika kipimo chetu. Lakini huingia kwenye mfuko mkuu bila alama, na baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kuzitofautisha na kodi ya majengo. Ni kama kumwaga maziwa kwenye chai kisha kuulizwa maziwa yalikuwa kiasi gani. Zipewe kasma yao ya mapato siku zinapoingia, na matumizi yake yapewe alama ya chanzo siku yanapofanyika. Kuzitafuta mwezi Juni ni kazi bure.

Sheria inaruhusu wilaya kutumia kidogo zaidi bila kuhesabiwa kuwa imeanguka, katika hali chache: mtumishi wa elimu maalumu ameondoka kwa hiari au kwa sababu za haki, idadi ya watoto wenye ulemavu imepungua, mtoto mwenye huduma ya gharama kubwa mno amehama au amepita umri, ununuzi mkubwa wa muda mrefu umekwisha, au mfuko wa jimbo wa kusaidia huduma za gharama kubwa umebeba gharama. Mwalimu aliyestaafu akiwa na mshahara na marupurupu ya dola 106,000, akarithiwa na mwalimu mpya wa dola 73,000, anaiachia wilaya nafuu ya dola 33,000. Aliyepunguzwa kazi kwa ajili ya kubana bajeti haachi nafuu yoyote. Wilaya hupoteza nafuu hizi kwa kukosa ushahidi, maana barua ya kustaafu iko kwa ofisi ya utumishi na mhasibu anaitafuta miezi kumi na minne baadaye. Fomu ya ukurasa mmoja, ijazwe wiki ambayo mtumishi anaondoka, ikiwa na sababu, mshahara, marupurupu na mrithi wake, inamaliza jambo hilo.

Idadi ya watoto nayo ina mtego. Hesabu rasmi hufanywa tarehe inayochaguliwa na jimbo kati ya Oktoba 1 na Desemba 1. Mtu akichukua idadi ya mwisho wa mwaka wa shule, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele yake kwenye skrini, wale wanafunzi 200 wanakuwa 212, na dola 20,000 zinashuka hadi 18,868 bila senti moja kukatwa. Utaratibu utaje ripoti kwa jina lake na tarehe yake.

Uhakiki ufanywe kila mwezi. Chukueni orodha tatu: matumizi ya programu 200 kutoka leja, majina kutoka daftari la mishahara, na orodha ya watumishi ya ofisi ya elimu maalumu. Jina lililo kwenye orodha moja na halipo kwenye nyingine liulizwe kabla ya tarehe 10. Kosa la kawaida kabisa ni mtumishi aliyehamishwa Oktoba na kuendelea kulipwa kwa kasma ya zamani. Likikamatwa Novemba ni hati moja ya marekebisho. Likikamatwa Julai, miezi tisa ya mshahara na marupurupu inasubiri kurekebishwa, na vitabu vya mwaka vinakaribia kufungwa.

Na mkishaandika, pimeni maandishi yenu. Mpeni mhasibu wa idara nyingine, asiyejua elimu maalumu, leja ya mwaka uliopita na utaratibu wenu tu, bila maelezo ya mdomo. Akokotoe vipimo vinne. Akipata tarakimu tofauti na mlizoripoti, msimsahihishe kwanza. Fuateni hatua zake mpaka mkute alipolazimika kuamua mwenyewe, kisha andikeni kigezo hapo, tarehe ya badiliko na cheo cha aliyeidhinisha. Halafu mpeni mtu mwingine.