Keili: dansi iliyonitoa chumbani Glasgow

Mambo vipi ndugu zangu! Leo sizungumzii viza wala kodi ya nyumba. Kuna jambo limenijaa moyoni tangu Ijumaa.

Desemba hapa Glasgow, Uskoti, saa kumi kasorobo jua limeshazama. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka kazini gizani, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Jirani wa mlango wa pili sikumjua hata jina. Huku hakuna kupiga hodi tu. Mgeni mmepangana naye wiki mbili kabla. Mama akipiga simu: "Mwanangu, una mtu wa kuzungumza naye huko?" Nabadilisha mada.

Dada mmoja wa kazini ndiye aliyenivuta. "Ijumaa twende keili." Wanaandika ceilidh. Ni neno la Kigaeli, lugha ya kale ya huku Uskoti, na maana yake ya mwanzo ni kutembeleana: jioni watu walijazana nyumbani kwa jirani, wakapiga hadithi, wakaimba, wakacheza. Niliposikia hivyo nikasema, kumbe na hawa walikuwa na baraza!

Tukaingia ukumbi wa kanisa. Jukwaani kodiani, fidla na ngoma. Jamani, kodiani na fidla! Mpenzi wa taarabu lazima moyo umcheze. Pembeni mtu kashika maiki, anawapitisha hatua zote polepole kabla muziki haujaanza, kwa hiyo hata asiyejua kitu anaingia.

Kuna dansi moja inaitwa Strip the Willow. Mnapanga safu mbili, mnatazamana. Wawili wa juu wanashikana viwiko, wanazungushana kwa nguvu. Halafu mwanamke anaishuka safu ya wanaume: huyu anamzungusha kwa mkono wa kushoto, anarudi kwa mwenzake kwa mkono wa kulia, anakwenda kwa anayefuata, hivyo hivyo hadi chini. Kwa mtindo wa visiwa vya Orkney safu inajaza ukumbi mzima. Mbio kwelikweli! Ukilegeza kiwiko mtu anakuponyoka, kwa hiyo kila unayemfikia anakushika barabara. Watu ambao sikuwajua hata mmoja. Na mimi nilikuwa na miezi minne sijashikwa mkono na mtu.

Wimbo uliofuata nilikwenda kukaa, maana sikuja na mwenza. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu akaninyooshea mkono. Dansi yenyewe, Dashing White Sergeant, inachezwa watatu watatu, wakitazamana na watatu wengine. Mnazunguka duara, mnapishana, kisha kundi moja linainua mikono na jingine linapita chini yake kwenda kukutana na watatu wapya. Kila mzunguko, sura mpya inakuchekea. Aliyetunga dansi ya watu watatu, Mungu amlipe.

Nyumbani nasi tulikuwa nayo haya. Jiulizeni kwa nini tunasema muziki wa dansi. Miaka ya 1930 vilabu vya Dar na Tanga vilikuwa na watu wanaocheza wolzi na foksitroti, dansi za Kizungu za wawili wawili, wameshikana, wamevaa wakapendeza. Ukiwa na babu au bibi aliyewahi kwenda dansini, muombe akuoneshe hatua wakati bado magoti yanaruhusu. Siku hizi kila mtu anacheza peke yake mbele ya simu, na mimi hilo linaniuma.

Yule bibi sasa namwita Bibi, neno kalishika vizuri. Jumapili nampikia pilau, naye ananifundisha hatua jikoni kwake. Na Jumamosi iliyopita nimekaa zangu, nikasikia mlango unagongwa. Bila simu, bila miadi. Nafungua, ni yeye, kashika chupa ya supu. Nililia pale pale mlangoni.

Haya, nawawekea kipande cha video ya keili ya Ijumaa hii iliyopita. Mwenye kitenge cha bluu ni mimi. Aliyenishika kiwiko, mwenye nywele nyeupe, ndiye Bibi. Angalieni anavyozunguka!