Timazi Kwanza: Kuchagua Bunduki ya Shabaha ya Mbali na Kufunga Darubini Isiyoinama

Karibuni tena. Mezani leo nina bunduki ya bolti (lile komeo la chuma unalolivuta kwa mkono kila risasi), darubini iliyo bado kwenye boksi lake, na kule nje, mita 25 hivi kutoka mlangoni, kuna uzi mwekundu unaning'inia kwenye tawi. Mnauona? Ngoja nisogeze kamera. Huo hapo. Msiusahau, maana leo nitautaja mpaka mnichoke.

Usalama ninausema mara moja ila kwa sauti kubwa: bolti nimeitoa kabisa, iko mfukoni mwangu. Magazini imetoka. Chemba tupu, nimetazama na nimetia kidole. Risasi ziko chumba kingine, zimefungiwa. Nyuma ya ule uzi ni kilima cha udongo, hakuna mtu wala njia. Kibali na sheria za nchi yako ni juu yako kuzikamilisha kabla ya kugusa chochote. Haya.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: ninunue bunduki gani? Watu wanataka jina moja niwatajie waende dukani. Mimi nauliza kwanza, una kiwanja cha mita ngapi? Kama unachopata ni mita 100 au 200, nunua kalibra ya .22 usicheke. Risasi yake ni ya polepole, ile ya kawaida ya shabaha hutoka mtutuni chini kidogo ya mwendo wa sauti. Ukiiweka sawa kwa mita 50 kisha ukapiga mita 200, itakuwa imeshuka zaidi ya mita moja, na upepo unaisukuma kama jani. Kwa hiyo kwenye mita 200 unajifunza matatizo yale yale ya mwenzako aliye mbali mara kadhaa, tena kwa risasi rahisi na bila bega kuvimba. Mimi hadi leo nusu ya mazoezi yangu ni .22.

Ukiwa na kiwanja kirefu, mabishano huwa kati ya .308 Winchester, iliyopo tangu 1952, na 6.5 Creedmoor ya Hornady iliyotoka 2007. Hii ya pili kichwa cha risasi ni kirefu na chembamba, kinakata hewa vizuri, upepo haukisogezi sana kama ile ya kwanza, na teke lake begani ni jepesi. Ile ya kwanza mtutu wake hudumu zaidi kabla mifuo ya ndani haijaliwa na moto wa baruti. Mimi ni mtu wa 6.5. Rafiki zangu wa .308, nawapenda, tusigombane kwenye maoni.

Mtutu uwe mnene, kwa sababu mwembamba ukipata joto baada ya risasi chache huanza kutangatanga. Na jambo hili lijaribu hapo hapo dukani: chukua karatasi, ipitishe kati ya mtutu na kitako (ule mwili wa mbao au plastiki unaofika hadi chini ya mtutu), ivute kuelekea nyuma. Hivi. Inapita bila kukwama. Ikikwama, kitako kinasukuma mtutu, na kila ukibadilisha namna ya kuegemea, risasi nazo zinahama. Triga iachie kwenye kilo moja hadi moja na nusu, bila mchanga mchanga. Kitako kikae begani bila wewe kurefusha shingo kama twiga. Basi, bunduki imekwisha. Kweli, imekwisha. Pesa iliyobaki iende kwenye darubini na risasi.

Sasa kazi yenyewe. Nyamazeni kidogo.

Pete ndizo zinazobana darubini; za chini ziko kwenye reli iliyo juu ya bunduki, nimezikaza tayari, hapo hakuna ujanja. Darubini inalala juu yake. Pete za juu naziweka bila kukaza, ziwe zinashika tu. Naweka shavu mahali pake, macho nimefumba, nafumbua. Nikiona kivuli cheusi pembeni, darubini iko mbele mno au nyuma mno. Nafanya hivi nikiwa na ukuzaji wa juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo jicho halisamehewi. Darubini nyingi zinataka sentimita 9 hivi kutoka kioo hadi jicho. Mnaliona kovu hili kwenye nyusi? Hilo ni somo la darubini iliyokaa karibu sana. Tusonge.

Uzi. Kule nje nimefunga timazi, na lile jiwe la chini limezama kwenye ndoo ya maji. Kwa nini maji? Upepo ukivuma, maji yanalizuia jiwe lisicheze. Mwaka wangu wa kwanza sikuweka ndoo, nikapoteza asubuhi nzima nikifukuza uzi unaoyumba.

Bunduki naiweka kwenye kishikio, pima maji ndogo juu ya reli, povu katikati. Sasa natazama kwa darubini, nazungusha darubini yenyewe ndani ya pete mpaka mstari wa wima wa ule msalaba wa kulengea ulio ndani ulale juu ya uzi. Taratibu. Taratibu sana. Naegesha simu kwenye kioo mwone... mkono wangu umeziba. Subiri. Hapo. Mstari mweusi, uzi mwekundu, vimelala pamoja.

Na hapa, ndugu zangu, HAPA, ndipo wengi tunaharibu. Unaona imelala sawa, unafurahi, unakaza skrubu za upande mmoja mpaka mwisho, halafu upande wa pili. Darubini inazunguka nawe huna habari. Usifanye hivyo. Robo mzunguko kulia, robo kushoto, mbele, nyuma, kwa mshazari, na uwazi kati ya pete ya juu na ya chini uwe sawa pande zote. Robo. Siyo nusu.

Kwa nini naisumbua hii? Hesabu ni hii. Darubini hii inasoma kwa mili. Mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, ni mita nzima kwa mita 1000. Kwa mita 1000 risasi ya .308 inakudai upandishe mlengo zaidi ya mili 10. Sasa msalaba ukiwa umeinama digrii 3 tu, kiasi ambacho jicho lako linaweza kukikosa, zile mili 10 hazipandi wima, zinapanda kwa mshazari, na risasi inaangukia zaidi ya nusu mita pembeni. Mimi nilizunguka msimu mzima nikilaumu upepo. Nilinunua kipima upepo. Nilinunua na cha pili, nikidhani cha kwanza ni kibovu! Upepo ulikuwa hauna kosa hata kidogo.

Haya, nakaza kwa bisibisi hii ya kupimia nguvu, ninaiweka niutoni-mita 2. Za kwako angalia karatasi ya mtengenezaji, usikisie kwa mkono, mkono hubana bomba la darubini likabonyea. Robo kulia, robo kushoto. Inalia tik. Nyingine, tik. Tumemaliza, sasa tutahamia...

Simameni. Nimerudisha picha nyuma kidogo na naona kitu. Tazameni kwenye simu: juu mstari uko kulia kwa uzi, chini uko kushoto. Umezunguka! Nilipokuwa nawasimulia habari za kipima upepo nimekaza kulia mara mbili mfululizo. Ningeweza kuikata sehemu hii, siikati. Nalegeza zote nne, naanza upya, na safari hii nafunga mdomo.

...

Vizuri. Uwazi sawa, mstari juu ya uzi, tik, tik. Naangalia tena baada ya kukaza. Baada ya kukaza! Kabla haitoshi.

Sasa mazoezi, na mengi hayahitaji risasi. Lala chini, bunduki kwenye miguu miwili mbele, nyuma kifuko cha mchanga. Vifuko hivi nashona mwenyewe, anayetaka aniandikie, na ndiyo, hiyo ndiyo biashara yangu. Usiibane bunduki begani kwa nguvu. Lenga shabaha, fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Msalaba umehama? Basi mwili wako unatazama kwingine. Usiuburute kwa mikono, sogeza nyonga. Kisha weka sarafu juu ya mtutu, bofya triga bila risasi. Sarafu ikianguka, umeivuta, hukuibofya. Pumua nje, mwisho wa pumzi kuna kituo kidogo mwili umetulia, bofya hapo, na kidole kikae nyuma mpaka uhesabu moja. Onyo: kwa .22 soma kitabu chake kwanza, nyingi pini yake hugonga ukingo wa chemba ikaharibika ukibofya tupu.

Nimehamia kiwanjani, samahani kwa kelele, huo ni upepo kwenye maiki. Vizuia sauti masikioni, miwani ya kinga, bendera nyekundu juu. Mita 100, risasi tano kwa karatasi moja. Usinionyeshe tatu, tatu ni bahati. Naandika kila kitu daftarini: joto, upepo umetoka wapi, nimejisikiaje nilipobofya. Mitetemo ya hewa ya joto kwenye darubini ikiinama kulia, upepo unaenda kulia. Ikipanda wima kama mvuke wa sufuria, ama hakuna upepo ama unakuja moja kwa moja usoni au kisogoni.

Wanaoshindana wakiwa wamelala na darubini namna hii huitwa wa F-Class, na hiyo F ni ya Mkanada George Farquharson aliyeuanzisha mchezo huu. Mzee alikuwa na akili. Lala chini, egemea, bado upepo utakuadhiri.

Karatasi hii hapa. Nne ziko kwenye shimo linalofunikwa na sarafu ile ile ya mazoezi. Ya tano, ile ya juu kushoto... hiyo ilikuwa ya tatu kupigwa, na nimeandika daftarini kabla sijaona shabaha: "nimeivuta." Betri ya kamera imebaki asilimia 4. Narudi kulala chini, nipige tena tano.