Siku ya Kuhama Haina Tiketi: Mhadhara kwa Waandaaji wa Vikundi vya Kwenda Italia

Ndugu waandaaji, viongozi wa jumuiya na mawakala wa safari, naanza na ratiba, kwa sababu ratiba mbaya huiua safari hata kabla viza hazijatoka. Nyingi mlizoleta zinafanana: siku tisa, usiku nane, miji mitano. Roma, Assisi, Firenze, Venezia, Milano. Jambo hili nimelisema mara nyingi na bado naona karatasi zile zile. Leo nitalipigia hesabu mbele yenu, hatua kwa hatua.

Tuchukue siku moja tu ya kuhama, kutoka Firenze kwenda Venezia, na kikundi cha watu 28. Treni ya kasi yenyewe huchukua kama saa mbili na dakika kumi. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaona saa mbili, basi wanaandika: "asubuhi treni, mchana Basilika ya San Marco." Treni ndiyo sehemu fupi ya siku hiyo.

Kifungua kinywa saa moja na nusu. Kurudisha funguo na kulipa kodi ya mji, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Kama hukuikusanya na kuilipa jana yake jioni, utasimama mapokezi huku watu 28 wakitafuta chenji. Basi kubwa haliingii ovyo katikati ya Firenze. Eneo la ndani limefungiwa magari yasiyo na kibali, na kamera hupiga picha namba za gari. Kwa hiyo masanduku yanavutwa kwa mkono juu ya barabara za mawe hadi stesheni ya Santa Maria Novella. Magurudumu madogo ya sanduku la bei rahisi hukatikia hapo, na sanduku la kilo 23 lisilo na gurudumu linahitaji watu wawili kulibeba. Namba ya jukwaa la treni huonyeshwa ubaoni muda mfupi tu kabla ya kuondoka, na wenye miguu mizito hupata taabu. Fikeni stesheni nusu saa kabla, muwe mmeshajigawa makundi mawili, kila kundi na mlango wake wa behewa. Msipojigawa, wote watabanana mlango mmoja, masanduku yataziba njia, na wa mwisho atapanda behewa lisilo lake.

Mkikaribia mwisho wa safari kuna mtego mwingine. Stesheni ya kwanza yenye jina la Venezia ni Venezia Mestre, nayo iko bara. Mji wa kale wenyewe uko ng'ambo ya daraja refu, na stesheni yake ni Santa Lucia. Watu wakisikia "Venezia" husimama na kushuka. Kwa upande wa pili, kama mmelala Mestre kweli, treni husimama hapo dakika chache tu kisha ikaenda. Lazima watu wawe mlangoni na masanduku yao tangu treni ilipoondoka Padova. Santa Lucia ni mwisho wa reli, hapo hamna haraka.

Basi mmefika Santa Lucia saa sita na dakika kumi mchana, mkiwa mmeondoka Firenze saa nne. Hakuna gari mbele ya stesheni hiyo, ni maji. Boti ya abiria ya namba 1 hadi San Marco huchukua kama dakika 45, na tiketi ya dakika 75 ni euro 9.50 kwa mtu. Watu 28 ni euro 266 kwa safari moja ya boti. Boti ikijaa, kikundi kinagawanyika, nusu inabaki gatini. Mkishuka mnakutana na madaraja, na madaraja ya Venezia yana ngazi. Mnafika hotelini saa saba na nusu, vyumba kwa kawaida hutolewa kuanzia saa tisa. Chakula, vyumba, kunawa uso. Saa kumi ndipo kikundi kiko tayari kutoka, na nusu yao wanataka kulala.

Ndiyo maana nawapa kanuni moja, iandikeni: siku ya kuhama haina tiketi. Usinunue tiketi ya saa maalumu, kwenye makumbusho yoyote, siku ambayo watu wanahama mji. Treni ikichelewa dakika 40, pesa ya watu 28 imekwenda.

Sasa rudini kwenye ile karatasi ya miji mitano. Siku tisa, toeni siku ya kufika na siku ya kuondoka, zimebaki saba. Miji mitano ina kuhama mara nne. Zimebaki siku tatu za tiketi, kwa nchi ambayo Makumbusho ya Vatikani peke yake yanakula nusu siku. Miji mitatu ina kuhama mara mbili, mnabaki na siku tano. Watu ni wale wale, nauli ya ndege ile ile, tofauti ni siku mbili nzima za kuona mlichokifuata.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni: watu wamechanga pesa nyingi, wengine hawatarudi tena Ulaya, wanataka kuona miji mingi. Namwelewa, na ni kwa ajili ya hao hao ninaongea kwa ukali. Mama wa miaka 65 aliyeweka akiba miaka mitatu hastahili kuiona Firenze kupitia dirisha la basi. Anastahili kusimama mbele ya Daudi wa Michelangelo, jiwe la zaidi ya mita tano lililochongwa kati ya 1501 na 1504, na asiambiwe "twende, twende" kabla hajaizunguka sanamu hadi mgongoni. Na miji midogo haipotei. Ukilala Firenze usiku tatu, unaweza kwenda Siena kwa basi kwa kama saa moja na robo au Pisa kwa treni kwa kama saa moja, ukarudi jioni. Mnakwenda na mkoba mdogo, sanduku limebaki chumbani.

Pendekezo langu ni Roma usiku tatu, Firenze tatu, Venezia mbili. Ila siku ya kuanza nayo ni muhimu. Makumbusho ya Uffizi na Accademia, alipo huyo Daudi, hufungwa Jumatatu. Ukiingia Roma Alhamisi, unahamia Firenze Jumapili, na siku yako kamili ya kwanza ni Jumatatu, milango imefungwa. Hapo dawa ni kwenda Siena siku hiyo. Lakini ukiingia Roma Jumatatu, mambo yanajipanga: Jumanne Vatikani, Jumatano asubuhi kumwona Papa uwanjani na alasiri Koloseo, ule uwanja mkubwa wa kale wa Warumi, Alhamisi kuhama, Ijumaa na Jumamosi Firenze, Jumapili kuhama, Jumatatu Venezia, ambako Jumba la Watawala liko wazi, Jumanne uwanja wa ndege.

Padre mmoja atauliza: Jumapili muwe kwenye treni, misa je? Misa ya Jumamosi jioni ni misa ya Jumapili, na Firenze ina makanisa ya kutosha. Zaidi ya hapo, Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ya Italia huwa bure, na foleni zake vikundi havizimudu. Siku hiyo ni bora mkiwa njiani.

Vatikani kumbukeni mambo mawili. Makumbusho hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambapo ni bure na msongamano wake ni mkubwa. Na Jumatano Papa anapokuwa na mahujaji uwanjani, Basilika ya Mtakatifu Petro haiingiliki asubuhi. Ndiyo maana nimeweka makumbusho na Basilika Jumanne. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia, kaptura hairuhusiwi. Ndani ya Kanisa la Sistina hakuna kupiga picha wala kuongea, kwa hiyo maelezo yote ya dari lile, lililochorwa 1508 hadi 1512, mwongoza watalii huyatoa nje uani kabla hamjaingia. Kikundi kikichelewa, maelezo ya uani ndiyo ya kwanza kukatwa. Watu wanaingia, wanatazama juu dakika kumi bila kujua wanatazama nini, wanatoka na maumivu ya shingo. Kwa hiyo fikeni mapema.

Tiketi za Koloseo hutolewa kwa jina la mtu, tangu Oktoba 2023. Majina yetu matatu yanaleta shida hapa: kwenye orodha ya parokia mtu ni Mama Fulani, kwenye pasipoti jina la ukoo limetangulia, kwenye tiketi wakala ameandika la ubatizo tu. Nakilini majina kutoka ukurasa wa picha wa pasipoti, herufi kwa herufi, msiyachukue kwenye kundi la WhatsApp. Na saa andikeni kwa tarakimu za tiketi, kisha chini yake saa zetu: 14:30, yaani saa nane na nusu mchana. Ukiandika "tukutane saa tatu" bila kufafanua, kuna atakayeshuka asubuhi na kuna atakayeshuka alasiri.

Nilisema watu 28 kwa makusudi, kwa sababu ndiyo idadi ninayoiona kwenye karatasi zenu. Punguzeni. Tangu 2024 Venezia hairuhusu kikundi chenye mwongozaji kizidi watu 25 katikati ya mji na visiwa vya Murano, Burano na Torcello, na vipaza sauti vimepigwa marufuku. Ukiwa na 28 unalipa waongozaji wawili, au unavunja sheria. Watu 24 ndiyo idadi salama. Wasiolala Venezia hutozwa ada ya kuingia siku zinazotangazwa, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na euro 10 kwa aliyechelewa. Wanaolala husamehewa, ila msamaha huo nao huombwa kwenye mtandao wa mji na mtu hupewa msimbo wa kuonyesha.

Mwongozaji. Sheria ya Italia inataka anayeeleza ndani ya makumbusho na maeneo ya kale awe na leseni. Kiongozi wenu wa msafara, hata awe profesa wa historia, kazi yake ni kuhesabu watu, kushika tiketi na kujua nani anaumwa goti. Wengi wenu mtatafsiri kwa Kiswahili, na hilo ni jema sana, lakini tafsiri hukata muda nusu kwa nusu: ziara ya saa mbili ina saa moja ya maelezo. Mwambieni mwongozaji kabla, achague vitu kumi badala ya ishirini. Kodini redio za masikioni zenye maikrofoni mbili ndogo, moja ya mwongozaji na ya pili ya mkalimani, kila moja na chaneli yake, na mzijaribu hotelini. Betri hufa mchana, bebeni za akiba.

Muda unanikimbia, yaliyobaki nayataja upesi.

Basi la kukodi: dereva Ulaya haendeshi zaidi ya saa tisa kwa siku, kumi mara mbili tu kwa wiki, na baada ya saa nne na nusu za usukani lazima apumzike dakika 45. Usiku anadaiwa mapumziko ya saa 11, ambayo yanaweza kupunguzwa hadi tisa kwa siku chache tu. Mkimchelewesha kwa chakula akaegesha saa nne usiku, kwa kawaida hawezi kuondoka kabla ya saa tatu asubuhi. Msimgombeze, mashine ndani ya basi inarekodi kila kitu.

Choo: watu 24, choo kimoja cha mgahawa, dakika mbili kila mtu, ni dakika 48. Tumieni vyoo vya makumbusho kabla ya kutoka, wote, hata asiyejisikia. Maji ya chemchemi za barabarani Roma ni ya kunywa na ni bure, bebeni chupa.

Kuba la kanisa kuu la Firenze, kazi ya Brunelleschi iliyokamilika 1436, lina ngazi 463 na halina lifti. Ulizeni presha na magoti kabla ya kununua tiketi.

Chakula: jikoni nyingi hufunga kama saa nane na nusu mchana na kufungua tena saa moja na nusu usiku. Kikundi kisichoweka nafasi hula mkate barabarani. Vibaka: wako Termini, stesheni kuu ya Roma, na kwenye kila boti na treni ya mjini iliyojaa. Pasipoti ibaki hotelini siku isiyo na Koloseo, nakala iwe mfukoni.

Kuhusu viza sikugusa, na najua ndilo linalowaka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, bima ya afya iwe ya kufikia angalau euro 30,000, na ratiba ya hoteli mnayoambatisha lazima ilingane na ile mnayoisafiria. Anayetaka kuuliza kuhusu hilo aanze yeye. Huyo dada wa mbele, karibu.